Safu ya Ombi

Garissa, 5 Septemba 1966

Kwa abti yangu Hirsi,

Asalaam aleikum. Huku ni wazima wote. Mama, yaani dada yako, amepona kikohozi na amerudi kugombana na majirani, kwa hiyo amepona kweli. Shamis amejifungua mtoto wa kike, jina Osob. Mvua bado. Mto umeshuka mpaka mchanga umejitokeza katikati.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu zile zile, ila 'abti' tunaloitana mjomba na mpwa nimeliacha kama lilivyo. Lugha yetu haina maandishi ambayo wewe na mimi tungeyasoma kwa namna moja, na barua za huku hufunguliwa. Afadhali anayefungua asome haraka, aifunge, iende.

Tangu Julai mimi ni mkalimani wa kamati ya mifugo. Baada ya msako wa mwezi wa sita, wanyama wote waliokutwa karibu na pale lori la askari lilipokanyaga bomu waliswagwa hadi boma la serikali nje ya mji. Kila Jumatatu kamati inakaa. Mwenye mnyama anaingia, anasema, natafsiri, mwenyekiti anajaza fomu. Fomu ina safu nne: jina, mnyama, alama, ombi. Safu ya ombi ikibaki tupu, mnyama anahesabiwa hana mwenyewe. Wasio na wenyewe watanadiwa Jumatatu ya 14 Novemba.

Sasa nina swali, na ni la mtu wa kalamu kama wewe. Kuna mama mzee mmoja ambaye amekuja Jumatatu tatu. Anatembea saa tatu kufika. Anaketi, anampa mwenyekiti habari: mawingu yako wapi, nani ameoa, kisima gani kimeingia chumvi. Halafu anasema ngamia wake kumi na mmoja wako bomani na amesikia wananyweshwa vizuri. Anamwombea mwenyekiti dua, anainuka, anaondoka. Haombi kitu.

Mwenyekiti ni mtu wa Ukambani, si mtu mbaya. Juzi aliniuliza, "Huyu anataka nini?"

"Hajasema, bwana."

"Ana kiburi?"

"Hapana."

"Haya, basi? Anaona haya?"

"Sio hiyo."

"Basi ni nini? Nipe neno moja la Kiswahili niliandike hapa. Nikiwa na neno, nina sababu ya kumngoja. Bila neno, nina safu tupu."

Abti, nimelitafuta wiki nzima! Nalijua kwa mwili mzima lakini mdomoni halipo. Mtu anahitaji kitu, anajua akisema huenda akapewa, na hasemi. Hali hiyo inaitwaje? Wewe umeandika Kiswahili gazetini miaka ishirini. Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Bare Korane

*

Nairobi, 19 Septemba 1966

Abti Bare,

Waaleikum salaam. Barua yako imechukua siku kumi. Namsalimu pia bwana anayezifungua. Gundi anayotumia ni nzuri kuliko yetu. Nimefurahi kusikia habari za Osob na za kikohozi. Mimi ni mzima. Islii kuna vumbi, na kodi ya chumba imepanda.

Swali lako limeharibu kazi ya ofisi nzima. Nililiuliza saa nne asubuhi, nikidhani nitajibiwa kabla ya chai. Saa nane gazeti lilikuwa halijafungwa na watu watano wazima walikuwa wakipigiana kelele juu ya mashine. Sijaona furaha kama hiyo pale tangu siku ya bendera ya uhuru.

Mhariri alisema "haya". Nikamwambia haya ni ya msichana mbele ya wageni. Msomaji wa prufu akasema "aibu". Nikamwambia aibu humfuata aliyefanya jambo, na mama huyu hajafanya kitu. Mtu wa matangazo akasema "woga". Mwanamke anayetembea saa tatu kupita doria za askari, woga wake uko wapi?

Ndipo mpanga chapa wetu, mzee wa Lamu ambaye huwa hazungumzi mpaka audhiwe, akaweka herufi zake chini. "Neno lenu liko jirani," akasema. "Ni muhali. Mtu akikuomba nawe ukashindwa kumkatalia kwa sababu ya uso wake, umemwonea muhali."

Nikamwambia, "Mzee, huo ni wa anayeombwa. Mimi natafuta wa anayeomba."

Akafikiri. "Basi sisi tumeupa jina upande mmoja wa mlango," akasema, "na nyinyi mmesimama upande wa pili." Akarudi kazini. Mjaribu mwenyekiti wako na "muhali", labda litamtosha.

Lakini ripota hatafuti neno kabla ya kupata mambo. Nijibu haya: Mama huyo jina lake nani? Anatoka kisima gani? Umri? Ana watoto? Nani humsindikiza? Ngamia wana alama gani, na iko upande upi? Na amewahi kukueleza wewe, nje ya ofisi, kwa nini haombi?

Abti yako,
Hirsi

*

Garissa, 4 Oktoba 1966

Kwa abti Hirsi,

Asalaam aleikum. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Osob ameanza kushika kidole. Mawingu yako upande wa mto lakini hayashuki.

"Muhali" nilimpelekea mwenyekiti jana. Akalipenda, akalirudia mara mbili, akaanza hata kuliandika. Halafu kalamu ikasimama. "Ngoja. Mwenye muhali ni mimi, si yeye. Mimi ndiye nimeshindwa kumfukuza." Akalifuta. Ni mtu mwerevu, na hilo linanitesa.

Nilikwenda kwa maalim. Akanisomea aya inayowataja mafukara ambao asiyewajua huwadhani matajiri, kwa vile wanavyojizuia kuomba. Neno lake ni taafufi. Nililikimbiza ofisini kama niliyeokota dhahabu. Mwenyekiti akasema, "Zuri sana. Lakini mkubwa wangu Nairobi hataliona kwenye kamusi yake, na mimi ni Mkristo, nitalitetea namna gani?"

Nikamuuliza mama mzee mwenyewe: sisi kwetu tunaliitaje? Akaniangalia kwa huruma. "Hatuliiti," akasema. "Ni kukaa vizuri tu."

Maswali yako. Anatoka upande wa Saka. Umri ni kati ya sabini na themanini. Anahesabu kwa ukame. Watoto alizaa sita, wanaishi wawili. Husindikizwa na jirani yake aitwaye Saado, anayebaki nje. Alama ni mistari miwili na duara dogo chini yake, shingoni, upande wa kushoto. Kwa nini haombi, hajanieleza.

Jana amekuja mara ya nne. Safu ni tupu. Zimebaki wiki sita, na mimi nimekula kiapo cha kutafsiri kilichosemwa, bila kuzidisha wala kupunguza.

Bare

*

Nairobi, 14 Oktoba 1966

Abti Bare,

Waaleikum salaam. Mwambie dada ninakula.

Nilikuuliza maswali saba. Umejibu sita, na yote kwa usahihi, ungefaa gazetini. Ulilolikwepa ni la kwanza, la jina.

Mistari miwili na duara dogo, shingoni kushoto. Alama hiyo niliichoma mimi mwenyewe kwa mikono yangu nikiwa na miaka kumi na minne, na nilichoma pia kidole gumba, kovu lipo. Kwa hiyo mama mzee huyo anaitwa Kaaha. Alinizaa mimi, akamzaa mama yako, na wewe unakaa mbele yake kila Jumatatu ukijifanya humjui.

Sikuulizi kwa nini hukuniambia. Ungeniambia, ingekuwa umeniomba. Naona mama mzee si mgonjwa peke yake katika ugonjwa huu.

Nataka uelewe jambo moja. Gazeti siliingizi. Mwandishi hawezi kuandika habari ya ngamia wa mama yake akaiita habari. Na serikalini hakuna nitakayempigia simu, kwa sababu nikisikia mwingine amepiga simu ya namna hiyo huwa naiandika ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo tumebaki na neno. Endelea kunipa mambo.

Hirsi

*

Garissa, 22 Oktoba 1966

Kwa abti Hirsi,

Asalaam aleikum. Imenyesha! Siku nne bila kupumzika. Watoto wote wako nje uchi, mbuzi wamechanganyikiwa, na barabara imekatika upande wa Mwingi. Jibu lako halijafika, wala la mtu yeyote. Barua hii nampa dereva wa lori la serikali anayesema atapita hata kwa kuogelea.

Nimefanya kosa. Tarehe 8 nilikwenda upande wa Saka kwa yule mama mzee, nikamwambia: "Jumatatu usitoe habari. Sema maneno matatu tu, 'Naomba ngamia wangu.' Mimi nitayatafsiri, mwenyekiti ataandika, utaondoka nao."

Aliniangalia kama niliyemwambia avue shuka sokoni.

"Nimwombe?" akasema. "Mtu huomba cha mwenzake. Wale ni ngamia wangu. Nikisema naomba, nimekubali kwamba ni wake."



"Na tena," akasema, "yule ni mgeni katika nchi hii, yuko mbali na mama yake. Nikimwomba, itabidi anikubalie au anikatalie. Kama wakubwa wake wamemkataza, atanikatalia mwanamke wa umri wangu, usoni pangu, na ataishi na jambo hilo. Kwa nini nimfanyie hivyo? Mimi nimempa habari. Mtu mzima akipewa habari hujua la kufanya."

"Hajui! Yeye si wa huku!"

"Basi hukumtafsiria vizuri."

Tarehe 10 hakuja. Tarehe 17 hakuja. Saado anasema amekasirika na hatarudi. Nilitaka kumsaidia na nimemwondolea hata ile nafasi ya kukaa pale. Zimebaki wiki tatu. Neno sina, na sasa hata mtu wa kumwekea neno sina.

Bare

*

Nairobi, 1 Novemba 1966

Abti Bare,

Waaleikum salaam. Dereva wako ameogelea vizuri, barua imefika jana. Ile yangu ya tarehe 14 naona imelala njiani. Utakapoisoma utajua kwamba najua mama mzee ni nani. Kwa hiyo nitaandika wazi.

Nimesoma maneno yake kwa sauti ofisini na mpanga chapa amesimamisha mashine. Akapiga meza. "Anamkinga!" akasema. "Anamkinga yule ofisa asije akamwonea muhali! Kumbe mlango ni mmoja na yeye ameushika pande zote mbili!" Mzee wa miaka sitini na mitano, aliruka kama mtoto.

Amesema kweli. Tumekosea tangu mwanzo, Bare, na kosa ni la kiufundi. Wewe, mimi na mwenyekiti tulikuwa tunatafuta jina la upungufu: kitu gani kinamzuia mama huyu asiombe. Hakuna kinachomzuia. Amekwisha kudai, mara nne, kwa namna ambayo kila mtu wa Saka angeielewa kabla hajamaliza kikombe cha chai. Ametoa habari. Aliyekosa zamu yake ni mwenyekiti, mwenyeji pale ofisini, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza.

Achana na neno. Usitafute la kumtia mama mdomoni. Mwenyekiti ndiye anayehitaji kutiwa kitu mdomoni, nacho ni swali.

Kiapo chako kinakukataza kuongeza katika maneno ya mama. Hakikukatazi kusema maneno yako mwenyewe, kwa jina lako mwenyewe, ukiwa umesimama mbele ya meza. Itabidi kwanza umwambie mwenyekiti huyo mama ni nani kwako. Unaweza kupoteza kazi. Nisingekuandikia hivi kama ningeona njia nyingine.

Najua kwako ni kazi ngumu kuliko kuvuka mto. Mimi mwenyewe sijafika huko tangu mwaka wa 1963, kwa sababu pasi ya kuingia huko huombwa, na mtu wa gazeti akiomba pasi huulizwa ataandika nini. Kwa hiyo sikupi somo. Nakupa njia tu.

Hirsi

*

Garissa, 22 Novemba 1966

Kwa abti Hirsi,

Asalaam aleikum. Wote wazima, Osob amenona, majani yamefika magotini. Sasa kaa unisikilize, nina mengi!

Barua zako mbili zilifika pamoja Alhamisi ya tarehe 10. Nilizisoma nimesimama pale posta, ya Oktoba kwanza, na masikio yakaniwaka. Nilipomaliza ya pili nilikwenda moja kwa moja ofisini kabla miguu haijabadili nia.

"Bwana, nina ombi."

Mwenyekiti aliweka kalamu. "Wewe? Miezi minne hujaniomba hata kiti."

"Yule mama mwenye ngamia kumi na mmoja ni nyanya yangu. Nilificha."

Akasogeza fomu kando. Halafu, polepole: "Ulikula kiapo."

"Nimetafsiri kila neno alivyolisema. Sikumwongezea hata moja. Ndiyo maana safu yako ni tupu."

"Hm. Na ombi?"

"Muulize habari za ngamia wake. Uanze wewe. Kwetu mgeni haombi. Hutoa habari, na haja yake imo ndani ya habari. Mwenye nyumba ndiye huichukua."

"Alivyokuwa akiniambia wananyweshwa vizuri..."

"Lilikuwa dai."

"Mungu wangu! Nimeiacha safu yake tupu mara nne!" Akasimama, akazunguka meza, akaanza kucheka peke yake. "Unajua, mimi nilikwenda kwa baba mkwe kutaka aniazime fahali wa kulimia. Nikakaa siku mbili nikisifu kisima chake. Siku ya tatu akaniuliza, 'Kijana, umekuja kulima kisima?' Na mimi hapa nimekaa kama mpumbavu!"

Nikadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Alirudi kitini, akawa ofisa tena. "Kesi hii hutaitafsiri, mkalimani mwenzako Yarrow ataitafsiri. Wewe utakaa nje. Na barua ya onyo nitaiandika, kwa sababu kuficha ni kuficha."

"Ndiyo, bwana. Lakini amekasirika, hatakuja."

Akafikiri. "Mpelekee salamu. Mwambie nimekaa wiki tano bila mtu wa kunipa habari za mvua. Na si uongo, nimemkosa."

Nilimpelekea Ijumaa, neno kwa neno. Ayeeyo, nyanya yangu, alisema tu, "Ah." Jumamosi saa mbili alikuwa mlangoni.

Mimi nilisimama nje, sikio kwenye mabati. Nilisikia mwenyekiti akisogeza kiti. "Karibu, mama. Ngamia wako wana habari gani?" Yarrow akatafsiri. Nikasikia Ayeeyo akiketi, akipanga nguo zake.

Kisha akasema, "Unauliza kama serikali au kama mwenye nyumba?"

"Kama mwenye nyumba."

"Basi andika."

Abti, alizungumza dakika arobaini! Kila ngamia kwa jina lake, mama yake, na mama wa mama yake. Nani alizaliwa ukame gani, nani sikio limechanika, nani hukataa kukamuliwa na mtu aliyekula vitunguu. Yarrow alikuwa akihema. "Ayeeyo, polepole, mimi si mashine!"

"Kama umechoka," akamwambia, "mwite yule aliye nyuma ya ukuta. Anapumua kama ng'ombe."

Nilirudi nyuma hatua tatu.

Wakaenda bomani wote, na fomu. Wale aliowataja waliitikia sauti yake kabla hajafika uani. Karani wa boma alishuhudia na ameandika hivyo. Walipatikana tisa. Wawili hawakuwepo. Karani anadhani waliswagwa na kundi jingine hadi boma la upande wa Liboi, lakini hana hakika, na mimi sitakuandikia kama nina hakika. Tisa walitoka saa kumi jioni, ngamia jike Deero akiwa mbele.

Unataka kujua neno. Katika safu ya ombi mwenyekiti ameandika: "Ameulizwa." Mpaka leo hakuna mtu Nairobi aliyeirudisha fomu hiyo. Na Jumatatu, mnada ulipoanza, alizuia wanyama wa wote waliofika mbele yake wakaondoka na safu tupu. Ni watu kumi na tisa. Anawaita mmoja mmoja na kuwauliza. Mimi bado nina kazi. Na barua ya onyo ninayo, nimeiweka pamoja na zako.

Jana Ayeeyo alirudi ofisini. Kesi ilikuwa yake, kwa hiyo nilikuwa nje tena. Aliketi, akasifu mvua, akasema Saado ameumwa jino, akamwombea mwenyekiti dua. Nilimsikia akikusanya nguo zake ainuke.

"Mama," mwenyekiti akasema. "Na wale wawili?"

"Hao?" akasema Ayeeyo. "Kaa kitako, mwanangu. Habari yao ni ndefu."

Barua ya kwenda Liboi imeandikwa leo asubuhi.

Nilimsindikiza nusu ya njia. Nikamuuliza kama ana la kukuagiza. Akasema hana. Alinipa habari tu, nami nakuandikia kama zilivyo: barabara imekauka hadi Mwingi na malori yanapita kila Jumatano, Deero anakamuliwa asubuhi na jioni na maziwa yanabaki, na kile kitanda cha kamba kilicho upande wa mlango hakilaliwi na mtu.

Mpwa wako,
Bare